Ukumbi wa Nyumbani: Dhulma ya Paka kwa Paka



Ndugu zetu wasomaji, mabibi na mabwana, mwezi huu tulikusudia kuzungumza nanyi juu ya adabu za kumzuru mgonjwa. Lakini limetukabili jambo jingine, nalo ni la paka. Huenda baadhi yenu wakacheka kuona ukumbi huu unashughulishwa na paka, na apendaye kucheka na acheke; ila asome mpaka mwisho.

Alitujia mama mmoja wa papa hapa Maruku baada ya darasa ya Alasiri, watoto wamekwisha kutawanyika. Akaketi kwenye benchi, akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Maalim, mtu akimtia paka katika gunia akaenda kumwacha mbali, huko Kemondo, ni dhambi?"

Tukamwuliza paka huyo amekosa nini.

"Hajamkosea mtu," akasema. "Anamdhulumu mwenzake."

Khabari yake ni hii. Anakaa na mama mkwe wake, bibi mtu mzima sana, ambaye macho yake yamefifia na miguu yake haimchukui tena mpaka barazani. Bibi huyu ana paka jike mweusi mwenye kifua cheupe, aliyemlea tangu hajafumbua macho. Yapata miaka kumi na mmoja sasa paka huyo alikuwa akilala miguuni pa bibi kila usiku. Mwaka jana panya waliingia ghalani wakaharibu maharage, na mume wa mama huyu akaleta paka wa pili, dume wa rangi ya majivu, kijana mwenye shingo nene. Panya walikwisha. Lakini jike naye akawa kama amekwisha. Alihamia darini, hashuki ila watu wamelala, amekonda mpaka mbavu zahesabika. Alipoonekana chini, dume alimkimbiza nyumba nzima mpaka migombani. Mtoto wa miaka saba alitia mkono kuwaamua, akang'atwa.

Na bibi? Kila usiku bibi hupapasa miguuni pake, akaita, asipate jibu. Juma lile alikuwa ameanza kuwaambia, "Paka wangu amekufa, nanyi mwanificha." Akawa haamini tena neno la mtu yeyote humo ndani. Mwana akisema paka yu hai, bibi hujibu, "Basi mlete." Wakimleta kwa nguvu, huwapasua mikono akakimbia, maana ananusa dume yuko karibu. Mume hataki dume aondolewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaponesha na panya. Mke aona bora gunia. Nyumba imegawanyika.

Sisi hatukumjibu mara moja, na sababu yake twaieleza ijapokuwa yatuaibisha. Miaka mingi iliyopita nasi tulikuwa na paka mkorofi, na nasi tulimtia katika gunia la kahawa. Tulimpeleka ufukweni penye wavuvi, tukajiambia kwamba penye samaki paka hafi njaa. Tulipofungua gunia alitoka, akasimama, akatutazama. Hakukimbia. Sisi ndio tuliokwenda zetu upesi. Baadaye tu, kwa kuwatazama paka wa mialoni, ndipo tulipofahamu tulilotenda. Paka wanaokaa pamoja penye matumbo ya sato na sangara si mkusanyiko wa wapita njia. Aghlabu ni majike wa ukoo mmoja, mama na binti na shangazi, wanaosaidiana hata kunyonyesha watoto, na mgeni akija humfukuza. Tulimtoa yule paka katika nyumba aliyokuwa akionea wenziwe, tukamweka mahali ambapo yeye ndiye atakayeonewa.

Kwa hiyo tulimwambia mama yule, "Gunia, la. Tena hata Serikali imekataza ukatili kwa wanyama, kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini kwanza mtoto. Mmemfanya nini?" Akasema wamempaka mafuta ya taa kwenye jeraha. Tukamwambia ampeleke zahanati kabla jua halijatua. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Laingiza uchafu ndani, na ngozi hujifunga juu yake. Na kichaa cha mbwa hakimshiki mbwa peke yake, hata paka humshika akamwambukiza mtu. Ang'atwaye na paka aoshwe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji ya kumiminika muda wa robo saa, kisha apelekwe kwa mganga siku ile ile. Na paka wa nyumbani achanjwe, kama achanjwavyo mbwa. Mtoto yule alipelekwa, alhamdulillahi.

Khalafu mama akauliza swali ambalo hatukulitazamia. "Maalim, huyu dume atahukumiwa?"

Katika Sahihi ya Imam Muslim imepokewa kwa Abu Hurayra (Mungu amwie radhi), naye jina lake hilo la utani alilipata kwa sababu ya kipaka chake, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alieleza kuwa Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, hata kondoo asiye na pembe atalipiwa kwa yule mwenye pembe. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameifafanua akasema kuwa hicho si kisasi cha taklifu, maana mnyama hana taklifu. Ni kisasi cha kulinganisha tu, jambo kwa jambo lake. Basi dume yule hana dhambi, kwani hakuandikiwa halali wala haramu. Lakini ni kosa kudhani kwamba kwa kuwa mkosaji hana dhambi, basi hakuna aliyedhulumiwa. Pembe zimeonekana, na aliyepigwa ameonekana. Na humo ndani ya nyumba yuko mmoja mwenye akili na taklifu, ambaye amefanywa mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tulimwambia tutakuja tujionee, tukaenda kesho yake pamoja na mke wetu.

Nyumba yenyewe ilijengwa upya baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Ya zamani ilikuwa na vyumba vitano, hii ina vitatu na ukumbi mwembamba, na ghala imeegemezwa ubavuni. Kutoka chumbani kwa bibi kwenda jikoni njia ni moja tu, upana wake kama hatua mbili. Mwisho wa njia hiyo, kwenye kizingiti cha jikoni, palikuwa na sahani moja ya bati, yenye dagaa na mabaki ya ndizi. Na kando ya sahani, amejikunja vizuri, macho nusu yamefumba, dume.

Hakuwa akipigana na mtu. Wenyeji wakasema, "Mwaona, leo ametulia." Walakini mke wetu ndiye aliyetangulia kuona. Akasema, "Hakutulia huyu. Anatoza ushuru."

Na ilikuwa kweli. Jike hakuweza kufika kwenye chakula, wala maji, wala mlango wa kutokea nje kwenda haja, bila ya kupita mbele ya yule bwana. Na dume hakuhitaji kucha. Akikaza macho tu, yatosha. Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Twangoja kusikia kelele ndipo tuseme kuna ugomvi, ilhali uonevu mkubwa wa paka ni wa kimya: kukaa mlangoni, kumkodolea mwenzake macho, kumnyatia akila, kumwinua pale alipolala akapalalia yeye. Na mchezo nao una alama zake. Paka wanaocheza hupokezana, mara huyu yu chini na mara yule, na kucha zimefichwa. Ukiona siku zote ni mmoja tu akimbiaye na siku zote ni mmoja tu akimbizaye, hapo hapana mchezo.

Tukauliza pia juu ya harufu iliyokuwa chumbani kwa bibi. Wakasema jike amezeeka, ameanza kukojoa pembeni mwa godoro. Jambo hili lilikuwa limewaudhi mno, na wana haki, kwani bibi husali hapo hapo kitandani, na mkojo wa paka ni najisi ingawa paka mwenyewe si najisi. Hayo ya utohara wake mwayajua: Abu Qatada (Mungu amwie radhi) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, na mke wa mwanawe, Kabsha, alipostaajabu, akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani; imo katika Muwatta ya Imam Malik na kwa Abu Dawud. Lakini mkojo ni mkojo, na mahali pake paoshwe. Ila haukuwa uzee ule. Mnyama aliyefungiwa njia ya kwenda haja, afanye nini? Walikuwa wakimlaumu aliyedhulumiwa kwa alama za dhulma yenyewe.

Sasa tuseme kidogo juu ya tabia ya paka, maana pasipo kuijua hatuwezi kufanya uadilifu. Wataalamu waliochunguza nasaba za paka, wakatoa matokeo yao mwaka 2007, walionyesha kwamba paka wa majumbani asili yake ni paka pori wa jamii ile ile ambayo hata leo imo katika nyika zetu za Tanzania. Mnyama yule huishi peke yake. Huwinda peke yake, kwa kuwa panya mmoja hawatoshi wawili. Mbwa aliumbwa wa kundi, akiletewa mwenziwe hutafuta nani mkubwa na nani mdogo, mambo yakaisha. Paka hana desturi ya kupatana juu ya ukubwa. Desturi yake ni kuachiana nafasi. Mmoja hupita asubuhi, mwingine jioni, mmoja juu ya kabati, mwingine chini. Ukiwabana wawili wasio ndugu katika njia moja na sahani moja, umewanyima njia ile waliyopewa na Muumba ya kuepukana na shari. Mwenye nyumba ile aliwalisha wote wawili kila siku, na moyoni alijiona mwadilifu, kwa kuwa chakula kilitosha. Kilitosha, lakini mlango wake ulikuwa na bawabu.

Twakumbuka hapa mama yule alivyotuambia kwamba katika Novemba, senene walipoanguka, ugomvi ulikoma karibu wiki mbili. Alidhani ni baraka ya msimu. Nasi twasema ni baraka kweli, lakini ina sababu yake: senene walikuwa kila mahali, uani, barazani, chini ya taa, na hapana paka awezaye kukalia senene wote.

Tulichowashauri hakikuwa na gharama. Sahani ziwe mbili, tena zisionane. Ya jike iwekwe chumbani kwa bibi, juu ya sanduku la nguo, kwani paka mwenye hofu hula kwa raha akiwa juu. Ya dume ighalani, kwenye kazi yake. Maji kadhalika, vyombo viwili. Sanduku la mchanga liwe chumbani kwa jike na jingine ghalani, na la tatu likipatikana ni bora. Kisha wawili hawa watenganishwe kabisa kwa muda wa siku kumi, mlango umefungwa. Hapa mume alishtuka, akataja ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyomo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Ibn Umar. Tukamwambia, mwanamke yule alimfunga paka asimlishe wala asimwache ajitafutie. Wewe wamfunga ghalani ukimpa chakula, maji, mahali pa kwenda haja na mahali pa kulala, na kila siku wakaa naye kidogo. Hayo ni mawili tofauti.

Katika siku hizo kumi chukueni kitambaa, mmpanguse dume mashavuni, mkiweke karibu na alipolala jike, na kitambaa cha jike mpelekee dume. Paka humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Ndiyo maana paka aliyepelekwa kutibiwa akarudi na harufu ya dawa aweza kushambuliwa na mwenziwe aliyelala naye jana. Si chuki, hamjui tu. Kisha walisheni huku na huku ya mlango uliofungwa, mbali kidogo kwanza, halafu karibu kila siku. Baadaye mlango uachwe wazi kwa kadiri ya kidole. Na mlango ukifunguliwa wazi, iwe ni wakati wa kula, na kwa muda mfupi. Dume akianza kukaza macho, wekeni ubao au mto baina yao, msitie mkono. Wala msimpige. Fimbo haimfundishi paka kumpenda mwenziwe. Yamfundisha tu kwamba kila aonekanapo jike, yeye huumia. Kesho yake atamrudia kwa hasira zaidi.

Tena dume wa jirani alikuwa akija usiku dirishani, na dume wa nyumbani akimwona na asimfikie, hasira zake alizimaliza kwa jike. Dirisha lile likapigwa pazia. Hilo ni dogo, lakini huenda lilikuwa nusu ya shari yote.

Likabaki la kuhasi. Afisa mifugo alikuwa amewaambia kwamba dume akihasiwa ukali hupungua na kuzurura hupungua, na jambo hilo ni kweli; na pia huepushwa na vidonda vya kupigana, ambavyo kwavyo paka huambukizana maradhi. Mume akauliza sheria yasemaje. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, Imam Nawawi ameeleza kuwa mnyama asiyeliwa hahasiwi. Mahanafi wamelijuzisha kwa paka iwapo pana manufaa au yaondolewa madhara, na wako wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaotoa fatwa hiyo, kwa sharti mnyama asiteswe. Sisi ni maalim wa chuo tu, hatutoi fatwa. Tulimwelekeza kwa sheikh wake, akaulize na amweleze hali ilivyo, pamoja na khabari ya bibi.

Mwisho tuliwaita watoto wa nyumba ile, ambao watatu kati yao ni wanafunzi wetu. Ilibainika kwamba walikuwa na mchezo wao. Humshika jike wakamweka mbele ya dume, wakakaa wakatazama. Walikuwa hata na desturi ya kushindania nani atashinda, ingawa mshindi alijulikana. Tuliwasomea hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, iliyomo kwa Abu Dawud na Tirmidhi, ya kukatazwa kuwachochea wanyama wapigane. Mkubwa wao akainama. Kisha akasema, "Maalim, na sisi darasani mwatuweka tupigane miereka, mnacheka." Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia kweli, na tangu siku ile mchezo huo tumeuondoa.

Haya yote yalikuwa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mama yule alikuja tena juzi kulipa ada ya mwanawe, tukamwuliza. Akasema siku kumi hazikutosha, zilikwenda hata karibu mwezi na nusu, na mara mbili walirudi mwanzo kwa sababu mtu aliusahau mlango wazi. Dume hawajamhasi, sheikh amewaruhusu, na wangoja daktari wa mifugo apite. Paka wale hawapendani, wala hawatapendana. Wakikutana ukumbini dume hutoa sauti, na jike hupita juu ya rafu ambayo mume ameigongomea ukutani kutoka chumbani kwa bibi mpaka jikoni, kama barabara yake mwenyewe. Chini ni ya dume. Amenenepa kidogo. Godoro ni kavu.

"Na bibi?" tukauliza.

"Bibi sasa ana lake jingine," akasema. "Analalamika kwamba paka amlalia miguu mpaka inakufa ganzi."

Tukasema basi mwondoeni kidogo bibi apumzike. Akacheka, akasema walijaribu usiku wa kwanza, na bibi akawafukuza wote chumbani.

Mwezi ujao, in shaa Allah, tutarudi kwenye adabu za kumzuru mgonjwa kama tulivyoahidi.

Wassalaam.